Nyumba Tunayoichoma Kila Machi

Benchi letu liko mbele ya duka la Tan Chai, kusini kabisa mwa kisiwa cha Guam, limeielekea ghuba ambamo watu husema Magelani, yule baharia Mzungu wa kale, alitia nanga. Ni ubao mmoja mrefu ulioletwa na kimbunga. Hatujui ulikuwa wa nani, na hatujamtafuta. Hapo ndipo tunapotafuna popoo, tukinywa kahawa ya chupa moja na kubishana mpaka Tan Chai achoke nasi. Lakini alasiri ile, siku moja kabla ya sikukuu, kelele zetu zilipungua, maana sote tulikuwa tunaitazama nyumba. Kila mwaka mwenzetu Nasio hujenga kibanda cha ovyo pale ufukweni, kwa kuwa kitachomwa tu kwenye mchezo wa sikukuu: Magelani anashuka kwenye mashua, anapigana na vijana wetu, anachoma nyumba, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula wali mwekundu na mbavu. Mwaka huu Nasio amejenga nyumba ya kweli. Imekaa juu ya nguzo za mawe, paa limechongoka kwenda juu, na haina msumari hata mmoja. Kila kiungo kimefungwa kwa kamba ya makumbi aliyoisokota mwenyewe. Jamani, ilikuwa nzuri. Nilipoiona mara ya kwanza nilijikuta nimevua kofia. Watu wa kijiji wakaanza kunong'ona kwamba haifai kuchomwa, na ofisi ya kijiji, kwa kuogopa lawama, ikasema wazee wa benchi waamue kabla ya giza.

Wa kwanza kuamua alikuwa Nahodha. Jina lake ni Tun Kiko, yaani Mzee Kiko, lakini nani anamwita hivyo? Ndiye Magelani wetu, kama baba yake kabla yake. Koti jekundu la mahameli amelirithi, na viraka vyake vyote vilishonwa na marehemu mkewe.

Nahodha: Inachomwa. Bila moto hakuna Magelani, na bila Magelani hakuna sikukuu.

Redio: Sikukuu ipi, bwana? Jina lilishabadilishwa. Siku hizi ni siku ya historia yetu sisi, wewe bado unaamka na Magelani tu!

Huyo ni Tun Ben. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

Nahodha: Wabadilishe jina mara mia. Koti langu ni lile lile.

Redio: Hebu kumbuka shuleni. Tumevaa viatu vya kuazima, tunapeleka mashada ya maua kwenye mnara wake, tunamwimbia kwa sauti zote. Mwalimu anatuambia, mshukuruni, bila yeye msingejulikana. Juzi mjukuu wangu kaniuliza, "Babu, kumbe huyu mliyekuwa mnamwimbia ndiye aliyetuita wezi akatuchomea nyumba?"

Nahodha: Ukamjibu nini?

Redio: Nikakohoa.

Kaa: Mimi sisemi alikuwa mbaya, wala sisemi alikuwa mzuri.

Tukacheka. Tun Peling anaitwa Kaa kwa sababu ukimbana kwenye ubishi anatokea ubavuni.

Kaa: Chekeni tu. Nasema alikuwa na njaa. Mabaharia wake walikuwa wanatafuna ngozi za kwenye milingoti! Mtu wa hali hiyo anagundua nini? Yeye ndiye aliyegunduliwa.

Redio: Sasa umesema! Ngalawa zetu ndizo zilizomfuata baharini. Na sikilizeni hii, wenyewe wazungu waliiandika. Meli inakwenda na matanga yote, nyuma inakokota mashua ndogo. Ngalawa zetu zilikuwa zinapita katikati. Kati ya meli na ile mashua! Matanga yamejaa upepo!

Hilo nimelisikia tangu utotoni na bado linanisisimua mwili. Sote tuligeuka kutazama bahari, kana kwamba zingepita tena. Baba za baba zetu waliifanya kazi hiyo kwa mbao, nyuzi na mkeka wa tanga, na mimi hata mtumbwi wa kukodi unanitia kichefuchefu.

Kaa: Mimi niliambiwa zilikwenda mbio mpaka kivuli kikawa kinaachwa nyuma.

Nahodha: Acha kamba wewe.

Kaa: Kinaachwa! Kinafika pwani baadaye, kinauliza, jamani, mwenyewe amepita hapa?

Redio: Hiyo ndogo. Babu alimjua mtu wa zamani aliyetoka asubuhi kwenda kisiwa cha Rota, akafika jana yake.

Nahodha: Kwa hiyo wakati wa kurudi alikutana na yeye mwenyewe?

Redio: Walisalimiana vizuri tu.

Hata Nasio alicheka, na Nasio huwa hacheki. Hatujawahi kumpa jina la utani kwa sababu hajawahi kutupa neno la kulitengenezea. Nahodha ndiye aliyeukata ule mcheko.

Nahodha: Mabingwa wa mbio. Mbona nyumba ziliungua?

Akamgeukia Nasio.

Nahodha: Na wewe, ndugu yangu. Ulijua nitaichoma. Kwa nini umenifanyia hivi?

Nasio: Mikono imekataa kujenga vibaya. Imechoka.

Nahodha: Na mimi je? Nikivua lile koti mimi ni nani? Kibabu cha magoti mabovu. Baba alichoma, nami nimechoma, mke wangu alikuwa anasimama pale karibu na mnazi anapiga makofi kuliko wote. Leo mnataka kuniambia tulikuwa tunashangilia kitu kibaya?

Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akazimika. Nilimhurumia Nahodha. Ni rahisi kubadilisha jina la sikukuu, lakini makofi ya marehemu utayabadilishaje?

Hapo ndipo akaja Enita. Ni mama wa Kichuuk, kutoka visiwa vya mbali vya Chuuk, mgeni kijijini; kimbunga kilimng'olea nyumba yake kule kaskazini mwa kisiwa, akahamia kwetu. Alikuwa amekuja kununua barafu. Akasimama na mfuko wake unadondosha maji, akaitazama nyumba ya Nasio kwa muda mrefu.

Enita: Shikamooni wazee. Huu mchezo wa kesho sijawahi kuuona. Magelani ni nani?

Nahodha: Mimi.

Enita: Na mabaharia?

Kaa: Vijana wa zimamoto, wakiwa na nafasi.

Enita: Wapiganaji nimewaona wakifanya mazoezi. Na mwenye nyumba?

Redio: Nyumba ya huyu hapa, Nasio.

Enita: Hapana, baba. Kwenye mchezo. Mwenye nyumba inayochomwa anachezwa na nani?

Nilimtazama Redio. Redio akamtazama Kaa, na Kaa safari hii hakupata ubavu wa kutokea. Tangu nizaliwe nimeona nyumba ikichomwa pale ufukweni, na sijawahi kumwona mtu akitoka ndani yake. Hakuna mama aliyekimbia na chungu, wala mtu aliyeita watoto wake. Tulichoma nyumba za watu wetu wenyewe miaka yote hiyo na hatukumweka mtu mlangoni. Mwili ulinisisimka, na safari hii si kwa ajili ya ngalawa.

Nahodha: Walikuwa wamekimbia.

Enita: Usiku huo walilala wapi?

Nahodha akatikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu. Kisha akainuka, magoti yakamlia, akateremka taratibu mpaka ufukweni. Pale kwenye nyumba alishika kamba moja, akaipapasa. Akaipapasa na nyingine. Halafu akainama, akaingia.

Tulingoja. Jua likaanza kugusa maji na bado hajatoka.

Redio: Nahodha! Umezimia humo?

Sauti yake ilitufikia ikiwa ndogo, kama ya mtu anayeongea kanisani.

Nahodha: Humu ndani kuna ubaridi, jamani. Upepo unapita. Miaka yote hii sijawahi kuingia.

Nasio akainamisha uso, akaufuta kwa kiganja.

Nahodha: Mko hapo? Kesho tafuteni Magelani mwingine. Koti liko nyuma ya mlango wangu, mtu akachukue. Mimi nipo humu nyumbani.

Tukatazamana kwenye ule ubao wa watu tusiowajua. Hakuna aliyekwenda kulichukua koti.