Mwacheni Fachtna Apige Peke Yake

Mheshimiwa Diwani Lorcan Moloney. Baba Paroko, Padri Malachy. Mama yetu mpendwa, uliyekaa mbele kabisa ili umwone mwanao vizuri. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Ennis kwa mwaliko, na ndugu majirani mlioingia bila mwaliko baada ya kunusa sandwichi: nawakaribisha nyote katika ukumbi huu wa parokia, tuzindue albamu ya kaka yangu, Fachtna Considine.

Tangu ujana wake kaka yangu amekaa kwenye kona za baa zetu, akiwasindikiza kwa gitaa ninyi wapiga fidla, filimbi na kodiani. Mlipokimbia, alikimbia nanyi. Mlipopotea, na mlipotea mara nyingi, Mheshimiwa, alipotea nanyi kwa heshima zote. Je, yupo aliyewahi kumgeukia akamwambia, "Haya Fachtna, leo anzisha wewe"? Naona mnaangalia viatu.

Ndipo akaamua kutoa albamu yake mwenyewe, gitaa tupu, bila mtu mwingine. Alianzia kanisani, kwa ruhusa ya Padri. Hata wimbo wa kwanza haujafika katikati, mzee Tadhg aliyekuwa akibadilisha mishumaa akachomoa filimbi kwenye soksi, akaingia. Fachtna akahamia kwenye zizi lake la ng'ombe. Diwani wetu, aliyekuwa akipita barabarani, akaruka ua na fidla mkononi.

"We Fachtna! Nimekusikia unapiga peke yako, nikakuonea huruma."

"Lakini nataka niwe peke yangu, Diwani!"

"Aah, usijikaze bwana, si tupo?"

Ndugu zangu, huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa Clare. Wimbo ukianza, kumwacha mwenzetu aumalize peke yake tunaona ni kukosa adabu, kama kumwacha mgeni anywe chai kavu.

Mwishowe aliyemwokoa ni Bwana Talty, ambaye kama mjuavyo anauza bia upande wa mbele na majeneza upande wa nyuma. Akampa chumba cha nyuma. Huko nani ataingia na fidla? Albamu nzima ikarekodiwa kwa utulivu, isipokuwa wimbo wa tano, ambao ndani yake unasikika mguu ukigonga mdundo. Bwana Talty anaapa kwamba chumbani alikuwamo Fachtna tu, pamoja na marehemu Packy Hehir aliyekuwa akisubiri mazishi yake ya Alhamisi. Packy alipiga ngoma maisha yake yote. Mimi sisemi kitu.

Lakini leo asubuhi kaka yangu alikaa jikoni kwangu, chai imepoa, mkate hajaugusa, akaniambia, "Dada, leo wakiingilia tena, gitaa naliacha. Nitajua tu hawawezi kunivumilia nikiwa peke yangu." Niliumia sana. Kumbe miaka yote hii anadhani tunamfunika kwa sababu hafai! Fachtna, tunaingia kwa sababu tunakupenda, na hakuna aliyetufundisha namna nyingine ya kukuonyesha.

Basi leo tujifunze. Kalieni mikono yenu. Miguu nayo itulie. Mheshimiwa Diwani, hicho kinachochomoza kwenye koti lako si kalamu. Kiweke mezani, tafadhali. Na cha mfuko wa pili. Padri, kwa unyenyekevu mkubwa, hata wewe usivume kwa pua. Mama, na wewe pia usigonge mdundo: vijiko viwili ulivyoficha chini ya shali nimeviona, na mtu mmoja hakorogi chai kwa vijiko viwili.

Nawashukuru akina mama wa parokia kwa sandwichi, na Bwana Talty kwa chumba. Asanteni kwa kunisikiliza mwanzo hadi mwisho bila hata mmoja kuniingilia, kumbe mnaweza.

Fachtna, kaka yangu, njoo mbele. Hakuna atakayekusaidia.