Hakuugua kwa Muda Mfupi

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa kusimama juani, nasoma historia ya dada yangu mkubwa kwa niaba ya familia, na hii ni mara ya tatu nasimama mbele yenu kwa kazi hii, nimechoka, sitaficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ya jirani hadi mwaka 1986, akajifunza ushonaji, na tangu Januari 1990 alikuwa fundi cherehani kwenye kibanda cha kona ya soko, akishona sare za wanafunzi, na mteja aliyeapa kwamba hajanenepa alimpima kimya kimya, akamwachia kitambaa cha akiba kwenye mshono.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1996 na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa binti mmoja tarehe 3 Agosti 1999, huyu aliyekaa hapa mbele.

Mama yetu alifariki mwaka 2003, mama mdogo akamfuata 2011, na mara zote mbili nilisoma kwamba waliugua kwa muda mfupi, maana ndivyo wazee walivyotaka. Februari 2022 dada aliona uvimbe kwenye titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji, na hospitalini mshauri wa magonjwa ya kurithi akamuuliza mama yake aliugua nini, dada akaenda kumng'ang'ania mama mkubwa mpaka akataja, saratani, mama alikuwa na ya ovari, vifuko vya mayai tumboni, mama mdogo ya titi, nasi miaka yote tulidhani tumbo na titi ni mambo mawili. Dada alicheka, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kimetuumbua mara mbili na bado tunaficha.

Vipimo vilionyesha hitilafu katika vinasaba, ambayo mtoto wa kike au wa kiume anaweza kuirithi kwa mama au kwa baba, na mimi niliyejiambia kwamba ni mwanamume, hayanihusu, nikapimwa, ninayo, na nina mabinti wawili. Mshauri alitueleza kwamba kuirithi si kuugua, na ajuaye mapema hufuatiliwa mapema, lakini binti wa marehemu alikataa kwenda, akasema hataki kuishi akihesabu siku, na mama yake alimsihi hadi alipofariki kwa saratani hiyo hiyo Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, bila kupata jibu alilolisubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani.

Jana, tukikunja nguo zake, binti aliniuliza kliniki ya vipimo vile hufunguliwa lini, nikamwambia Jumatatu, akasema, mjomba, nipitie.

Basi dada, jibu ulilolisubiri ndilo hilo, Jumatatu nampitia, wewe sasa pumzika kwa amani.