Mkwe Aliyevuka Pazia

Ndugu waombolezaji, mimi ni Recheli, mtoto wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Yoramu Lugembe.

Marehemu alizaliwa Sikonge tarehe 9 Machi 1962, akasoma hukohuko hadi kumaliza darasa la saba mwaka 1976, na mwaka 1984 akaajiriwa na chama cha msingi cha wakulima kupanga madaraja ya tumbaku, kazi aliyojisifia mno, maana alidai analijua jani kwa kulinusa tu. Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na mama yetu, Asnath, muuguzi, katika Kanisa la Moravian Sikonge, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1992 na Ngassa mwaka 1996.

Mwaka 2003 mama alihamishiwa Tabora mjini, tukahamia Isevya, baba akiendelea na kazi yake ya tumbaku, na Mei 2004 bibi mzaa mama alipooza, akaletwa kwetu, na mchana hakukuwa na wa kumtunza. Baba aliacha kazi. Ndugu walisema amekaliwa na mkewe, naye akawaalika chakula, wakala, wakasifu mboga, ndipo akawaambia mpishi ni nani.

Ugumu ulikuwa kwingine, kwani kwa mila za kwetu mkwe na mama mkwe huepukana, hawakai chumba kimoja, hivyo siku ya kwanza baba aliweka uji kizingitini, akabisha hodi na kukimbilia uani, na bibi, asiyeweza kuinuka, akaona haya kumwita. Mama alirudi alasiri akaukuta umeganda, akalia, akachukua karatasi aandike barua ya kuacha kazi. Baba alimwomba siku moja tu. Kesho yake alisimama nje ya pazia na bakuli mkononi, akaomba ruhusa, na bibi akamjibu, "Pita, mwanangu. Haya haijamshibisha mtu." Kwa miaka sita alimlisha na kumgeuza kitandani, wakitaniana, mama akabaki na kumwogesha, hadi bibi alipofariki mwaka 2010.

Tarehe 20 Novemba 2023 baba mwenyewe alipata kiharusi, na hakuogopa kufa, aliogopa mama asije akaacha kazi akibakiza miezi kumi na tisa kustaafu. Ngassa, seremala wa Nzega, alifunga karakana yake, akaja kumtunza, akikosolewa upishi kila asubuhi. Mama alistaafu tarehe 30 Juni 2025, na baba alicheka siku nzima. Alifariki nyumbani tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ngassa. Tumelia, lakini siwafichi, tumepumua pia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Isevya ambao hawakutuacha, na wafanyakazi wenzake mama, waliobadilishana naye zamu bila kununa.

Baba, mama hakuacha kazi. Pumzika kwa amani.