Mama Inategemea na Vena za Mgongo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha anatomia katika chuo chetu cha tiba, Mama Inategemea anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa karibu kila swali alilijibu “inategemea”. Hata mumewe analitumia, maana akimuuliza kama atarudi mapema hujibiwa hivyo hivyo.

Chanzo ni vena za uti wa mgongo, mishipa ya kurudisha damu moyoni. Vena za miguuni zina vali, vijilango vinavyozuia damu isirudi ilikotoka. Hizi za mgongoni kwa kawaida hazina. Zimesukana kama wavu toka kiunoni hadi shingoni, na damu hupanda au kushuka kufuatana na msukumo wa tumbo na kifua. Mimi nimekuwa msaidizi wake miaka minane, na nikiulizwa inaelekea wapi bado nakuna kichwa.

Alifundisha kwa kikohozi. Darasa zima lilikohoa kwa pamoja, kila mtu awaze damu ikisukumwa mgongoni. Siku moja muuguzi wa chuo alikuja mbio na barakoa, akidhani maradhi yameingia. Mama akampa kiti, naye akakohoa na wenzake.

Kukariri hakukutaka kabisa. Ni kwa njia ya wavu huo saratani ya tezi dume inaweza kufika mgongoni, na daktari asiyeelewa atamchelewesha mgonjwa. Kuuliza si ujinga, alitukumbusha kila muhula, nasi tukauliza mpaka tukachanganyikiwa zaidi.

Kuanzia Jumatatu somo hilo ni langu. Wiki iliyopita nilimkuta akifumua wavu wa sufu ya buluu aliousuka mwenyewe kwenye mifupa ya plastiki. Akaniachia mgongo mtupu na donge la uzi. Nilisuka mchana kutwa, nikamaliza, na uzi mwingi ukabaki mkononi. Ulitakiwa kupita wapi, sijui hadi leo. Niliogopa, nikamuuliza mbele ya wenzetu kama kweli nitaweza. Karani wa idara alishafungua mdomo amjibie.

Mama akavua miwani, akasema nitaweza, akaenda kunywa chai.

Hajawahi kumjibu mtu hivyo, na mimi sijui niamini jibu lipi, hilo au lile la siku zote.

Ahsante, Mama, kwa subira na kwa makaripio. Twakuombea afya, usingizi wa kutosha na mgongo usiouma. Jumatatu nitawaambia wakohoe. Wakiniuliza damu imeelekea wapi, angalau neno la kuanzia ninalo.