Mlima Unaoonekana Ukiketi Kwenye Ndoo

Mzee Umezawa Kihachi, mtunzaji mkuu wa Bustani ya Nagatani, anastaafu tarehe 31 Machi baada ya kuitumikia kwa miaka arobaini na mmoja. Aliingia na nywele, anatoka na kofia. Yeye alitaka aondoke kimyakimya kupitia mlango wa nyuma. Sisi tunaobaki, watunzaji wachache pamoja na kinamama wa kupalilia kuvumwani, lile zulia laini la kijani chini ya miti, tumekataa.

Mzee ni mtoto wa mtengeneza tofu ya maharage ya soya wa ng'ambo ya mto. Alikuja kwa kibarua cha wiki moja, kuvuta mawe bwawa lilipokuwa likikarabatiwa, na wiki hiyo ndiyo inaisha leo. Hadithi ya gavana mnaijua, lakini siwezi kuiruka. Gavana alipokuja kuiona bustani, Mzee alirudi nyuma ili apishe msafara, akarudi tena kidogo, akatumbukia bwawani. Alipoibuka akainama kwa heshima, maji yakimfika kifuani, akasema anakagua samaki. Gavana akamuuliza kama wazima. Mzee akajibu, "Wazima, Mheshimiwa, ila leo wamepata mgeni."

Kila mchana alikula nasi, ameketi juu ya ndoo yake ya bati aliyoipindua, tonge la wali mkononi. Mimi nilipoanza kazi hapa, mwanangu Mio akiwa bado mgongoni, nilimkaribisha mayai niliyokuwa nimekaanga alfajiri kwa haraka. Akatafuna muda mrefu. "Mama Mio," akasema, "haya mayai umeyapika au umeyaadhibu?" Kisha akala yote, na kesho yake akauliza wafungwa wako wapi.

Lakini kazi iliyomfanya awe Umezawa ni ile mialoni ya ukuta wa mashariki. Wageni wengi hawakuwahi kuitazama, na ndivyo alivyopenda. Waliopanga bustani hii zamani walitaka anayekaa barazani aone bwawa, kisha mawe, kisha misonobari, halafu Mlima Kasagami kule mbali, kama vile nao umo ndani ya ukuta wetu. Mlima ni wa kuazima. Mialoni ikirefuka inaumeza, ikikatwa mno paa za watu zinachungulia. Kila masika, na tena kabla ya theluji, Mzee alipanda ngazi akairudisha kwenye kimo chake kilekile. Bibi Nagatani, mwenye nyumba, alikunywa chai yake ya asubuhi akiutazama mlima huo tangu alipokuja hapa akiwa bibi harusi.

Marehemu mumewe aliwahi kumshauri Mzee aiache mialoni irefuke kidogo, maana mashamba ya mpunga kule nyuma yalikuwa yameanza kuuzwa. Mzee alikataa. Alisema hakuna mtu mwenye akili atakayejenga mbele ya Kasagami. Bwana akamwachia, kwa kuwa kwenye mambo ya miti neno la Mzee lilikuwa la mwisho.

Miaka sita iliyopita jengo la ghorofa tisa lilisimama pale. Juu yake kuna tangi la maji, na kwenye baraza zake nguo zinaanikwa kila siku ya jua. Siwalaumu wakazi wake, nami nina mtoto na nguo ni lazima zikauke. Ila mlima ulibaki bega moja tu. Wageni walikuja na picha za zamani, wakazigeuza huku na huku, wakatuuliza kama wameingia lango lisilo sahihi. Bibi Nagatani aliugeuza mto wake wa kukalia, akawa anakunywa chai akiangalia ukuta wa jikoni.

Hilo ndilo lililomchoma Mzee. "Ningemsikiliza Bwana," alituambia, "leo mialoni ingekuwa mirefu na imelificha jengo. Miaka yote ile nilikuwa nakata pazia la nyumba kwa mkono wangu." Tulijaribu kumfariji, akatuambia tukapalilie.

Akaiacha mialoni irefuke. Mtu aliyekata mti maisha yake yote, kuuacha si kazi ndogo. Masika yalipofika alileta ngazi, akasimama chini yake, akairudisha stoo. Mama Fusae wa kupalilia akamchokoza, "Mzee, mikono inawasha?"

"Kama ya mtu aliyeacha sigara," akasema. "Nenda zako, Fusae, usinitie majaribuni."

Leo, ukitazama kutoka barazani, majani yamefika ghorofa ya saba. Mbili zilizobaki na lile tangi bado vinaonekana, na vitaonekana miaka kadhaa akiwa ameshaondoka. Anajua hivyo. Aliomba tusiandike kwamba aliiponya bustani, kwa sababu hakuiponya, nasi tunamtii. Kukificha kile kisichotakiwa kulimaanisha kukificha kitakiwacho pia. Barazani mlima haupo tena.

Majira mawili ya baridi yaliyopita alianza kutambaa. Kweli, kwa magoti, bustani nzima, shavu karibu na ardhi, hata tukamuuliza kama ameangusha meno. Alikuwa anautafuta mlima. Akaupata penye bakuli la jiwe, pale wageni wanapochutama kunawa kabla ya kuingia kibanda cha chai. Ukisimama unaona jengo. Ukichutama, tawi la chini linalifunika, na pembeni, kati ya mialoni miwili, kuna nafasi. Akaanza kuyapunguza majani hapo, machache kila mara, hadi kilele cha Kasagami kikatokea.

Alifurahi siku moja tu. Kesho yake akakumbuka kwamba Bibi Nagatani ana miaka themanini na minne na magoti yake hayakunjiki. Kumwambia mlima upo chini ya tawi huku yeye hawezi kuchutama ilikuwa kama kumwonyesha mwenye njaa chakula cha dirishani. Hakumwambia. Majira mazima ya baridi alikaa na jambo hilo.

Wiki iliyopita nilikuwa napalilia karibu na bakuli la jiwe nilipomwona Mzee akija pole pole, Bibi ameshika mkono wake, amevaa kimono chake cha hariri cha kijivu. Mzee akaipindua ndoo yake ya chakula cha mchana, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Kihachi, unanikalisha kwenye ndoo?"

"Nisamehe, Bibi. Kiti kingekuwa kirefu."

Akaketi. Akatazama muda mrefu, nami nikaacha kung'oa nyasi. Mwishowe akasema, "Umepungua."

"Nasi tumepungua, Bibi."

Akacheka kidogo, akaomba chai yake iletwe hapohapo.

Kuanzia Aprili miti itatunzwa na kampuni kutoka mjini, wenye mashine na magari. Bibi amewaomba mialoni ile miwili waiache kwetu. Mzee amenipandisha ngazini mara mbili, yeye yupo chini akinigombeza. Mara ya kwanza nilikata tawi ambalo halikupaswa kukatwa. Akasema litaota, mimi nisiwe na haraka kama yeye alivyokuwa na kiburi. Mwezi Mei majani mapya yatajaribu kuifunga ile nafasi. Nitapanda. Mio naye ameshajua mahali pa kuchutama; yeye hahitaji ndoo.

Mzee Umezawa, asante kwa miaka yako, na kwa mayai yangu uliyoyavumilia. Uende salama, miguu yako ipumzike, mikono isikuwashe sana. Maisha mema kwako na kwa mama wa nyumbani kwako. Ndoo ulisema tuitupe, inavuja. Tumeiacha penye bakuli la jiwe, imepinduliwa. Bibi huiketia kila asubuhi, na siku utakayopita kututembelea, atakupisha.