Bwana Clavery Anastaafu, Nyumba Haistaafu

Leo, tarehe 29 Juni 1963, Bwana Clavery Kamugisha anastaafu baada ya kukitumikia Chama chetu cha Msaada wa Sheria Bure, hapa Mwanza, kwa miaka kumi na mitatu. Leo hii hii, kabla jua halijazama, Kamati inamtaka awe amehama katika nyumba yake ya Mkuyuni. Kamati imeniomba niandike maneno mafupi ya kufurahisha kwenye ratiba hii ya sherehe ya kumuaga, nami nitajitahidi.

Bwana Clavery alikuja kutoka Bukoba mwaka 1950 na mkewe, Mama Eugenia, kuwa karani na mkalimani wetu. Aliahidiwa nyumba ya mfanyakazi. Alipofika akaonyeshwa kiwanja chenye mawe makubwa na mbuzi wa watu. Mwenyekiti wetu, Bwana Msafiri, alimwambia ajenge tu, mengine yatafuata. Mume na mke wakafyatua matofali, wakajenga, wakapaua. Hayo mengine bado tunayasubiri.

Hatusemi hakuwa na kasoro. Alikuwa mwepesi wa kula na mzito wa kufika kwenye jambo. Mtu akija mbio kutoka Nansio kusema anafukuzwa kwake, Bwana Clavery alimuuliza kwanza habari za safari, za mihogo na za mvua. Tulikuwa tunakunja uso. Lakini wajane na wazee walioingia wakitetemeka walitoka wamesema yote, hata yale waliyokuwa wamekusudia kuyaficha, na wakili wetu wa kujitolea akapata pa kushika.

Mwaka 1956 ilikuwa zamu ya Bi Mboni, mjane wa fundi cherehani. Mwenye kiwanja, Bwana Chenge, alitaka kumtoa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Dalali wa mahakama, kijana aitwaye Mihayo, alifika na wapagazi wakati wakili wetu bado yuko melini. Bwana Clavery alikuwa ametumwa kwenda kupinga. Badala ya kupinga, akaitikia shikamoo ya kijana, akakaa kibarazani, akaulizia ugali. Bi Mboni, kwa vile mgeni ni mgeni hata akija na wapagazi, akawatengea wote ugali na sato. Walipokwisha kunawa, dalali alikumbuka kilichomleta.

"Mama, nimeshakula kwako," alisema. "Kitanda chako nitakitoaje tena?"

Akarudi mahakamani kuomba atumwe mwingine. Huyo mwingine alipopatikana, wakili alikuwa ameshafika na kuweka zuio. Bwana Clavery anadai hadi leo kwamba huo ulikuwa mkakati. Sisi tuliokuwepo tunajua ilikuwa njaa.

Kesi yenyewe haikuwa ya mzaha. Bwana Chenge alidai kwamba kilichosimama juu ya ardhi yake ni chake. Hakimu akasema ardhi ni ya Chenge, nyumba ni ya aliyeijenga, na mjane asiguswe bila kufidiwa. Bi Mboni angali anaishi humo. Kamati ilipiga picha ya ushindi, wajumbe wote wakiwa mbele. Bwana Clavery anaonekana sikio moja, nyuma ya bega la Mwenyekiti.

Kisha Uhuru ukaja. Kamati ilibadilisha picha ukutani, kofia vichwani na viti vya kukalia. Benchi la wateja ni lile lile, mguu wake mmoja ni tofali. Sasa amepatikana Katibu mpya, naye anahitaji nyumba inayolingana na cheo, na Kamati imegundua ghafla kwamba kilichosimama juu ya ardhi ya Chama ni cha Chama. Bwana Chenge, akionana nao, awadai hakimiliki ya maneno.

Jambo hili limetuuma. Mama Eugenia magoti yanamsumbua, na tangu Jumatatu anafunga vyombo kwenye magunia. Mumewe, aliyewabakiza wengi majumbani mwao, hakutaka kutusumbua. Alisema watu wa kusaidiwa ni wale wa benchini.

Kwa kawaida mstaafu hupewa saa ya ukutani. Sisi wafanyakazi tumeona mtu asiye na ukuta saa ataitundika wapi. Kwa hiyo zawadi yetu ni kesi. Jana wakili wetu, bila malipo, amekishtaki Chama chetu wenyewe na kupata zuio asihamishwe mtu, na Jumatatu ijayo tunaitwa mahakamani. Hati ya mahakama ya kumwita Mwenyekiti imekunjwa ndani ya nakala yake ya ratiba hii, ambayo nimeipiga chapa mimi na Kamati haikuisoma, kama isivyosoma mengine.

Asante, Bwana Clavery, kwa kazi uliyoifanya. Tunakuombea wewe na Mama Eugenia uzee wa raha, humo humo ndani. Mwambieni mama afungue magunia.

Wilhelmina, mpiga chapa, kwa niaba ya wafanyakazi