Maneno Niliyoandikiwa

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani alimfungulia moyo muuguzi aliyeketi kando yake. Mume wa fundi huyo alitoweka miaka minne iliyopita. Mwaka jana watu wa filamu walimwomba aigize maisha yake mwenyewe, chumbani mwake, kwenye cherehani yake.

"Mengi ni kweli, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ila mwishoni walinipa maneno ya kusema: 'Waliomchukua nawajua.' Mimi simjui hata mmoja."

"Si watu wataelewa ni maigizo?"

"Wataelewaje? Mwanzoni wameandika kisa cha kweli. Na machozi yale yalikuwa yangu kabisa."

Mzee aliyeketi mbele yao alikuwa hajafungua ukurasa wa gazeti tangu waanze kuongea.

"Waambie wakikate kipande hicho," muuguzi alisema.

"Filamu imeshaonyeshwa jana. Nikiwa kituoni asubuhi hii jirani kanipigia, kuna wanaume wawili mlangoni kwangu. Wanauliza nafanya kazi wapi."

"Labda waandishi wa habari."

"Labda."

Treni ikasimama kwenye kituo cha kazini kwa fundi. Muuguzi alimpisha njia, lakini fundi hakuinuka. Alikuwa akiwatazama usoni, mmoja mmoja, watu waliokuwa wakisubiri kupanda.